Sajini Aliyempigia Paka Saluti

Ujinga wangu nauweka mbele kabisa, ili mtu asisome nusu ya kurasa hizi akidhani mimi ni mtu mzuri. Niliiga sauti ya jirani yetu, mzee tuliyemwita Sajini, nikajirekodi kwenye simu nikiwatangazia watu wa Oli, mtaa wetu hapa Arua, kwamba paka wake ni mtoto wa chui. Nilikuwa nimelala chali kitandani, miguu ukutani, likizo imenichosha, mama anashona chumba cha mbele. Nilicheka mpaka nikajigonga kichwa. Kisha nikawatumia marafiki wawili, nao wakacheka, na mmoja wao akaitupa kwenye kundi la mtaa. Kazi yote ilikwisha kabla chai haijachemka.

Sasa nimweleze huyo mzee mwenyewe, maana kule Oli siku hizi wanamkumbuka kwa ile sauti tu, na ile sauti haikuwa yake.

Sijui alizaliwa wapi wala baba yake alikuwa nani. Nilimuuliza siku moja akinyoa ndevu, akajibu, "Mimi ilizaliwa kwa foleni," akaendelea kunyoa. Ninachokijua ni kile kilichoonekana kutoka uani kwetu. Kati yetu na yeye kulikuwa na ukuta wa matofali mabichi ulioporomoka katikati kwa mvua, na hakuna aliyejisumbua kuujenga tena. Kwenye pengo lile vilipita chumvi, makaa, kuku, matusi na mimi.

Alizungumza kama mtu anayewaita watu walio ng'ambo ya mto, hata kama mmekaa benchi moja. Kiswahili chake kilikuwa cha kambini, kile ambacho kila kitu kiko "iko": mvua iko, Mungu iko, sukari haiko. Mwalimu wetu angekijaza wino mwekundu mpaka kalamu ikauke. Lakini hakuna aliyewahi kumwomba Sajini arudie alichosema.

"Wewe kijana! Ripoti!"

Kuripoti ilikuwa kusimama wima na kueleza umetoka wapi, unakwenda wapi, na kama mama yako anajua. Ukimaliza unapewa chai. Aliwaripotisha watoto wa mtaa mzima, wauza maji, hata mchungaji alipokuja kumwombea goti. Kuku wake aliwaita mmojammoja kila asubuhi, na jogoo mwenye jicho bovu alimwita Polisi kwa sababu, alivyosema, "Hii inaona upande moja tu."

Kumwiga yeye ndicho kipaji changu cha kwanza duniani. Wengine walijua mpira. Mimi nilijua Sajini. Na mwalimu wangu alikuwa Sajini mwenyewe. Nilikuwa nasimama mbele yake, tumbo nje, nikinguruma "Ripoti!", naye anacheka mpaka anashika ukuta, halafu ananisahihisha. "Sauti inatoka kwa kifua, si kwa pua. Wewe unaongea kama mbuzi ya mafua. Rudia!" Nikarudia mpaka nikaipata.

Hakuna aliyeona ni utovu wa adabu. Mimi nilimwita Babu, na kwetu mjukuu ana ruhusa ya kumtania babu: kumwambia amezeeka, kumdai binti wa kuoa, kumcheka masikio. Babu akikasirika ndiye anayeaibika. Ila utani huo una sharti lake, na mama alinifundisha nikiwa mdogo kuliko ndoo: unamtania mtu akiwa mbele yako anakuona, ili naye apate nafasi ya kukurudishia. Ukifanya akiwa hayupo umetoka kwenye utani, na huko unakokwenda hakuna babu wa kukusamehe. Nilijua sharti hilo vizuri. Siku ile nililala nalo kitandani, miguu ukutani.

Namna alivyompata paka pia ilichekwa mtaani. Baada ya jeshi alikuwa mlinzi wa geti kwa daktari mmoja wa kigeni, mama mrefu aliyetibu wakimbizi. Daktari alipomaliza kazi yake akagawa vitu vya nyumbani. Mpishi akachukua friji. Dereva akachukua godoro nene la kuzama. Sajini alipoulizwa anataka nini, akasimama wima, akasema anaomba paka.

"Friji iko!" mpishi alimnong'oneza. "Mzee, hata pasi iko!"

"Friji haina shukrani," akasema Sajini.

Alikuwa paka wa mbegu, aina inayoitwa Maine Coon, ambayo watu wa kwao huinunua kwa wafugaji kama sisi tunavyonunua ng'ombe wa maziwa. Alikuwa mkubwa kama mwanambuzi. Shingoni alikuwa na manyoya kama simba aliyetoka saluni, mkia wake ungeweza kufagia utando wa buibui darini, na kila sikio lilikuwa na kishungi cha nywele nchani. Alikuja na karatasi yenye majina ya baba yake, babu yake na bibi yake, mpaka vizazi ambavyo mimi siwezi kuvitaja vya kwetu. Sajini, ambaye hakuna aliyejua jina la baba yake, aliibandika karatasi hiyo ukutani juu ya kitanda.

Akampa jina Kapteni. Mama, ambaye hupenda mambo yaeleweke, alimuuliza kupitia pengo la ukuta, "Mzee, mbona umempa cheo kikubwa kuliko chako?"

"Mama, angalia hiyo ndevu. Hiyo iko ndevu ya ofisa. Mimi nani niishushe?"

Na kwa kuwa kapteni ni mkubwa wa sajini, kila asubuhi akifungua mlango alimpigia paka saluti. Nilidhani anatuchekesha. Nikaanza kumvizia siku ambazo hakujua nipo, nikiwa nimejibanza nyuma ya mapipa ya maji. Alipiga vilevile, kisigino kwa kisigino, kisha akainama taratibu kwa sababu ya goti na kuweka sahani chini.

Alikuwa na kipara kinachong'aa, na alinunua kitana cha kumchana paka. Angara, samaki wetu wa kukausha, aliwachambua kwa vidole mpaka mwiba wa mwisho; nyama akampa Kapteni, yeye akanywa mchuzi. Mtu huyo huyo aliyewafokea vijana wa boda wakikata kona vibaya, na ambaye inasemekana alimnyang'anya mwizi panga kwa kumwambia tu "Leta hapa," alikuwa akiogopa chura. Chura akiingia ndani, Sajini alipanda juu ya kiti na kuniita mimi. "Chura haina amri," alinieleza, akiwa bado juu ya kiti. "Huwezi kujua inaruka wapi."

Jumamosi alipita kwenye pengo akiwa na kichupa cha mafuta. Mama ni fundi wa kushona sare za shule, na cherehani yake ina mlio wake: kila gurudumu likizunguka inalia kama kifaranga kilichobanwa na mlango. "Mama, silaha yako inalia," alisema Sajini, akaifungua, akaifuta, akaitia mafuta tone kwa tone. Mlio ukapungua, haukuisha. Sisi tuliishi nao mpaka hatukuusikia tena, kama watu wa karibu na mashine ya kusaga. Mama naye alimshonea suruali zilizopasuka magotini. Hakuna aliyemwomba mwenzake, na hakuna aliyemshukuru mwenzake, ila chai ilinywewa.

Mbele ya geti lake aliuza chai na maandazi mama mmoja aliyetoka Sudan Kusini, mjane mwenye watoto. Mdogo wao, wa kutambaa, alikuwa akichoka anakwenda kulala ubavuni mwa Kapteni, kichwa kwenye manyoya, na paka hakuwa akijitikisa. Nakumbuka Sajini akiwapita kwa ncha za vidole, mzee mzima na buti, ili asiwaamshe.

Sasa niandike maneno niliyosema kwenye ile sauti, kwa kifua, kama nilivyofundishwa: "Hapa Sajini. Raia ya Oli, sikia. Hii mnyama yangu haiko paka. Iko mtoto ya chui. Sasa meno imekomaa. Kuku imechoka kula, mbuzi haitaki. Inaangalia watoto. Fungeni milango. Mwisho ya ripoti."

Nisome tena hapo kwenye watoto. Nilikiweka kipande hicho kwa sababu sauti ilikuwa fupi.

Kesho yake asubuhi hakukuwa na chai getini. Yule mama alikuwa amejifungia na wanawe. Waliokwenda kumwita walisema anamgeuza yule mdogo huku na huku akimkagua ngozi, akilia. Kufika saa nne vijana wa boda walikuwa wamejipanga mbele ya kwa Sajini na fimbo. Wengine walimtaka chui. Wengine, na hao ndio walionikausha mate, walisema yeyote aliyewatisha watoto kwa sauti ile, kama kuna mtu nyuma yake, watamvunja miguu yote. Mwenyekiti wa mtaa akawahi, akamwita Sajini na majirani kwenye baraza yake.

Nilikwenda. Nilisimama karibu na mlango, mahali pa mtu anayeweza kukimbia. Mama alikuwa amekaa mbele na wanawake, utepe wa kupimia bado shingoni.

Yule mama wa chai alisimama kwanza. Hakupaza sauti. "Kule kwetu tulikimbia bunduki," alisema. "Hapa mtoto yangu analala na chui, na mwenye chui anacheka kwa simu. Sasa mimi nikimbie kwenda wapi?"

Mwenyekiti akaiweka simu mezani, akaicheza. Sauti ikajaza baraza, nzuri, ya kifuani. Nilikuwa na fahari nayo jana yake. Mtu mmoja akacheka, akanyamaza haraka.

"Mzee," mwenyekiti akasema, "hii sauti ni ya nani?"

Sajini alikuwa amesimama mguu sawa. Akasema, "Rudisha mwanzo."

Ikachezwa tena. Safari hii aliinamisha kichwa upande mmoja, kama anavyofanya akisikiliza mashine iliyofunguliwa. Ilipokwisha hakuniangalia mimi. Alimwangalia mama. Mama akaangalia utepe wake, akaanza kuukunja. Kisha Sajini akawatazama wale vijana wenye fimbo, mmoja baada ya mwingine, wote, bila haraka.

"Sauti iko yangu," akasema.

"Yako?"

"Yangu. Nilikuwa nacheza."

Baraza lote likalipuka. Mwenyekiti, ambaye umri wake ni wa kumwita Sajini baba, alimfokea kama mwanafunzi aliyekojoa darasani. Mtu mzima, na mvi za kifuani, anatisha watoto wa wakimbizi! Wanawake walitikisa vichwa. Kijana mmoja wa boda akasema uzee umempanda kichwani. Kumpiga mzee wa namna ile hawangeweza. Walitupa fimbo chini kwa hasira na kutema mate. Yeye alibaki mguu sawa mpaka wakachoka. Halafu akamgeukia yule mama wa chai, akainamisha kile kipara mbele ya watu wote, akasema, "Mama, unisamehe. Mtoto yako haiko na hatari. Hii paka inampenda."

Ikaamuliwa kwamba paka au chui, mnyama yule aondoke Oli kabla jua halijazama.

Mdomo wangu, ambao haujawahi kukosa neno hata kanisani, ulikuwa umefungwa. Nilikuwa na nafasi ya kusema aliposema "yangu," na nyingine aliposhutumiwa, na nyingine kubwa kabisa alipoinama. Zote nilizipisha zipite, kama mtu anayepisha magari. Nilijiambia nitasema kesho.

Mchana ule mama alikata kitambaa cha sare, kile kigumu cha bluu, akashona mfuko mkubwa wenye dirisha la neti na mikanda miwili ya mabegani. Hakuna aliyemwagiza. Hakuniangalia. Alipomaliza akaupitisha kwenye pengo la ukuta. Sajini akamtia Kapteni ndani, akabandua ile karatasi ya ukoo akaikunja mfukoni, akapanda boda kwenda stendi ya magari ya Koboko. Kichwa cha paka kilikuwa kinachungulia kwenye neti, kimetulia kama cha abiria aliyelipa mapema. Kwa shemeji yake, mjane wa kaka yake huko Dranya, ndiko alikokwenda kumwacha. Alisema atarudi wiki ileile.

Hakurudi. Mwenye nyumba alipochoka kungoja akampangisha muuza chapati. Polisi, yule jogoo, aliliwa Krismasi. Mtaani watoto waliendelea kumwiga: "Inaangalia watoto! Fungeni milango!" Waliniomba mimi, bingwa, niwafanyie. Nikasema nina mafua. Niliyasema hayo mafua muda mrefu. Na cherehani ya mama, ambayo hakuna aliyeitia mafuta tena, ilizidi kulia, nami nikaanza kuisikia.

Likizo hii iliyopita mama alinituma Koboko kupeleka sare za shule moja iliyomwagiza. Alinifungia mzigo, akanipa nauli, halafu akasema akiwa ameniangalia begani, "Ukimaliza, panda mpaka Dranya. Msalimie mzee."

Njiani nilitunga kichekesho cha kufungulia. Ningemwambia Kapteni ameomba uhamisho. Kilikuwa kizuri, nilikifanyia mazoezi.

Niliwakuta kwenye shamba la simsim, yaani ufuta, nyuma ya nyumba, Sajini amekaa kwenye kigoda anapukuchua, mgongo umepinda. Kando yake, juu ya gunia, alilala mnyama nisiyemjua. Walikuwa wamemnyoa. Manyoya yalikuwa yamenasa miiba na mbegu za porini mpaka yakafanya mabonge, na shemeji mtu akachukua mkasi. Kapteni alikuwa na mwili wa mwanakondoo mwenye mapengo, na mwisho wake ule mkia mzima, kama ufagio ulioazimwa. Hicho ndicho kitu cha kuchekesha zaidi nilichowahi kukiona maishani, na sikuweza kucheka.

"Ripoti!" akasema Sajini, bila kuinua macho. Sauti ilikuwa imepungua. Haikuvuka hata shamba.

Nikasimama wima. Nikasema nimetoka Arua, nakwenda hapa, mama anajua. Kisha ile ripoti ikaendelea yenyewe. "Babu, ile sauti ilikuwa mimi."

"Mimi najua."

"Ulijua lini?"

"Siku ile. Kwa mkutano. Ya kwanza nilisikiliza maneno, nikashangaa nilisema lini. Ya pili nilisikiliza nyuma. Cherehani ya mama yako inalia nyuma, kwii, kwii, kama kifaranga. Mimi nimetia hiyo cherehani mafuta miaka yote, nisiijue?"

"Mbona hukunitaja?"

Akaniangalia kwa mara ya kwanza, kuanzia viatuni. "Wale vijana ilikuwa na fimbo. Wewe mifupa yako iko ya kuku."

Nikamwambia kwamba yeye ndiye aliyepoteza nyumba. Akanijibu kwamba Kapteni alikataa kula siku alipotaka kumwacha, akangoja ale, na kungoja huko ndiko kumemfikisha hapa. Shemeji yake, aliyekuwa anapepeta karibu, akadakia. "Sasa inakula! Inakula kuliko mutu ya kulima! Na huyu mzee anaipigia saluti mbele ya watu, mimi nafunika uso."

Sajini akapukuchua kidogo. "Lakini ile sauti," akasema, "ilikuwa nzuri. Ilitoka kwa kifua. Mimi mwenyewe kidogo nisimame sawa." Halafu akasema, "Fanya sasa. Nikiwa hapa nakuangalia."

Nilijaribu. Nilivuta pumzi, nikasema, "Kapteni! Ripoti!" Ilitoka puani, nyembamba, ikakatika katikati. Paka akainua kichwa chake kilichonyolewa, akamtazama Sajini, akakilaza tena.

"Rudia," akasema Sajini.

Sikuweza. Hakunilazimisha. Aliingia ndani akichechemea na goti lake, akarudi na kile kichupa cha mafuta, kimebaki nusu. "Mpelekee mama yako. Mwambie mzee anasalimia silaha."

Nilifika nyumbani jioni, taa ya chumba cha mbele inawaka, mama anamalizia ukosi. Niliweka kichupa juu ya meza ya cherehani. Nikamwambia kila kitu nikiwa nimesimama wima kama kwa Sajini, tangu miguu ukutani mpaka mkasi wa Dranya, na machozi yakanitoka nikiwa sijayapa ruhusa. Nikasema kwamba yeye Sajini alisikia cherehani. Mama akaondoa mguu kwenye kanyagio. Akafungua kichupa, akanusa, akakifunga, akakishika kwa mikono miwili. Alisema hivi:

"Siku ile mimi pia niliisikia cherehani yangu. Nikanyamaza, kwa sababu wewe ni mtoto wangu, na yeye hapa Oli hakuwa wa mtu."